Mama Nyuzi na DNS ya Nje

Mama Nyuzi alikuwa na desturi yake ya asubuhi. Akishafungua madirisha ya karakana na kuwasha taa ya meza ya kukatia, alikwenda kwenye kona, nyuma ya marobota ya vitambaa. Hapo aliinama na kusalimia kisanduku cheusi.

"Bibi, umeamkaje?"

Bibi hakujibu. Lakini taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, na Mama Nyuzi hakudai salamu kubwa kuliko hiyo.

Bibi alikuwa seva. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Karakana ya Mama Nyuzi ilidarizi nembo kwenye sweta za shule, na michoro ya nembo zote ilikaa ndani ya Bibi. Mashine za kudarizi zilikuwa tatu. Kila moja ilikuwa na kompyuta yake, na kila asubuhi kompyuta hizo zilikwenda kwa Bibi kuchukua mchoro wa siku. Ndiyo maana akaitwa Bibi. Kitu kikipotea nyumbani, anaulizwa yeye.

Vyombo vingine navyo vilikuwa na majina ya ukoo. Mashine yenye kelele kuliko zote iliitwa Shangazi. Printa iliitwa Mjomba, kwa sababu haikuchoka kuomba. Leo wino, kesho karatasi.

Majina hayo aliyatoa Mama Nyuzi mwenyewe, akayaandika ndani ya Bibi kwa mkono wake. Alijifunza mambo ya seva akiwa na miaka hamsini na mbili. Wiki sita alikaa darasani na vijana wa rika la mwanawe. Walipomcheka, naye alicheka. Mtihani ulipokuja, wengine walifeli, yeye akafaulu. Neno la siri la kuingilia kwa Bibi alilijua yeye peke yake.

Halafu mwanawe akaoa.

Mkwe alikuwa msichana mpole, mwenye heshima, tena mchapakazi. Mama Nyuzi alimtafuta kasoro mwezi mzima. Hakuiona, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mbaya kuliko yote, mkwe huyo alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye duka la kompyuta.

"Mama, umeona?" mwanawe alimwambia siku moja, uso umemchanua. "Mke wangu amemtengeneza Mjomba kwa dakika tano!"

"Nimeona," alisema Mama Nyuzi. Yeye alikuwa amehangaika na Mjomba siku tatu.

"Dakika tano tu, Mama!"

"Nimesikia, baba. Mimi si kiziwi."

Tusifichane. Mama Nyuzi aliona wivu, tena si wivu wa kupita. Ulikuwa wivu wa kuosha sahani kwa kishindo na kujibu salamu nusunusu. Karakana ile aliianza na cherehani moja sebuleni. Leo mwanawe akikwama, hamwiti mama yake tena. Anamwita mkewe. Mama Nyuzi alijiuliza: nikishatolewa kwenye kompyuta, nitabakiziwa nini? Kufagia vipande vya nyuzi?

Mambo yalikuwa hivyo intaneti ilipoanza vituko.

Shule moja ilikuwa imeleta sweta mia mbili na arobaini. Zilitakiwa Jumanne, kabla shule haijafunguliwa. Mchoro wa nembo mpya ulikuwa uje kwa barua pepe. Lakini kila walipojaribu kufungua barua pepe, ukurasa ulizunguka, ukazunguka, kisha ukagoma. Ukijaribu mara tano, unafunguka mara moja.

Mwana alipiga simu kwa kampuni iliyowaletea intaneti. "Wanasema kwao kila kitu kiko sawa," alisema akikata simu. "Hiyo sawa yao imekaa wapi?"

Mkwe alikaa kwenye kompyuta, akaandika kidogo, akatazama.

"Intaneti haijafa," alisema. "Nikiita kompyuta ya mbali kwa namba yake, inaitika papo hapo. Nikiiita kwa jina, kimya. Basi anayetusumbua ni DNS."

"DNS ndiyo nini?" aliuliza mumewe.

Mama Nyuzi alilijua jibu. Alifundishwa kozini, wiki ya nne. Alifungua mdomo, lakini mkwe alimtangulia.

"Kompyuta zinajuana kwa namba. Sisi watu tunakumbuka majina. Kwa hiyo lazima awepo wa kuulizwa, 'Jina hili, namba yake ni ipi?' Huyo wa kuulizwa ndiye DNS. Kampuni ya intaneti ina DNS yake, nayo siku hizi inachelewa kujibu. Lakini si lazima tuulize hiyo. Wapo watu wengine wanaotoa DNS bure, tena yenye kasi. Tunaweza kutumia ya nje."

"Kumbe!" mumewe alisema. "Mama, unasikia? Huyu kichwa chake si cha kawaida!"

Mama Nyuzi alifunga mdomo wake.

Mkwe alichukua kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akaandika mistari miwili ya namba zenye nukta katikati. "Hizi ni namba za DNS ya nje. Hii ya kwanza, hii ya akiba." Kisha akageuka kwa heshima. "Mama, naomba neno la siri la Bibi, nimalizie kazi."

Mama Nyuzi aligeukia marobota ya vitambaa. "Nililiandika mahali. Nitalitafuta."

Uongo mtupu. Lilikuwa kichwani mwake, halijawahi kutoka humo.

Siku nzima alilifikiria jambo hilo. Neno la siri la nini? Alikumbuka vizuri kwamba kila kompyuta ina sehemu yake ya kuandika DNS. Huna haja ya kumgusa Bibi. Huyu binti anataka ufunguo wa nyumba yangu kwa kisingizio cha namba mbili! Hapo akapiga moyo konde. Kazi hiyo angeifanya yeye, na angeifanya kwanza.

Jumamosi mchana mwanawe na mkwe walitoka kupeleka kofia kwa mteja. Mlango ulipofungwa tu, Mama Nyuzi aliitoa ile karatasi mezani. Akafungua mipangilio ya kompyuta ya kwanza. Palipoandikwa DNS alikuta namba moja, iliyowekwa zamani na mwalimu wake wa kozi. Hakujiuliza ni namba ya nani. Aliifuta, wala hakuinakili pembeni. Akaandika zile mbili za nje. Akafanya hivyo kwenye kompyuta ya pili, na ya tatu.

Kisha akafungua barua pepe. Ikafunguka mara moja! Mchoro wa shule ulikuwa umefika. Akauhifadhi kwa Bibi, kwenye folda iliyokuwa wazi tangu asubuhi, akakaa na kukunja mikono kifuani.

"Mama!" mwanawe alipiga kelele aliporudi na kuona. "Umefanya wewe? Peke yako?"

"Ulidhani nilikwenda kozi kulala?"

"Mama yangu wewe, hakuna tena!"

Sifa zile zilimwingia Mama Nyuzi mpaka kwenye vidole vya miguu. Mkwe naye alimpongeza, lakini uso wake ulikuwa na swali.

"Mama, namba umeziweka kwa Bibi?"

"Nimeziweka panapostahili," alisema Mama Nyuzi, na mkwe hakuuliza tena.

Jumapili karakana ilifungwa. Mashine na kompyuta zote zilizimwa, isipokuwa Bibi. Jumatatu asubuhi ziliwashwa, na hapo ndipo msiba ulipoingia.

"Folda ya michoro haifunguki," mwana alisema. Akajaribu kompyuta ya pili. "Hii nayo inasema 'Bibi' hajulikani. Mjomba naye hapatikani!"

Zote tatu zilikuwa hivyo. Shangazi, aliyezoea kupiga makelele tangu saa mbili, alikuwa kimya. Kando yake sweta mia mbili na arobaini zilikuwa zimepangwa mafungu mafungu, vifua vitupu.

Mwana alizunguka kutoka kompyuta hadi kompyuta. Jasho likamtoka. Mwishowe akamgeukia mkewe.

"Si wewe uliyeandika zile namba? Umetuletea namba gani? Tangu zilipoingia humu ndani, kila kitu kimeharibika!"

"Namba ni sahihi," mkewe alisema taratibu.

"Sahihi gani hii? Ujuzi wako wote wa dukani ndio huu? Kesho shule inataka sweta zake! Wakitunyang'anya kazi hii, shule nyingine zitasikia, na hapa tutafunga mlango!"

Mama Nyuzi alisikia kila neno. Aibu iliyoje kusema, lakini ni kweli: kwanza alisikia utamu. Miezi mitano alikuwa akimsubiri mwanawe amwone mkewe kuwa ni mtu wa kukosea kama wengine. Siku yenyewe ndiyo hii.

Utamu ule haukufika dakika mbili. Mwanawe alichukua koti, akaenda shuleni kuomba waongezewe siku. Mkwe alibaki amesimama katikati ya sweta. Hakusema, "Ni mama yako aliyeziweka." Angeweza kusema, maana wote walijua nani alizishika kompyuta Jumamosi. Alijifuta macho kwa kiganja, akavuta kiti, akaketi kwenye kompyuta ya kwanza.

Mama Nyuzi alitamani kuondoka. Hakuondoka.

"Nimeona," mkwe alisema baada ya muda mfupi. "Mama, naomba uje uone na wewe."

Mama Nyuzi alisogea.

"Zamani hapa palikuwa na namba ya Bibi, ile iliyobandikwa mgongoni mwake. Kompyuta ikitaka jina lolote, ilimuuliza Bibi kwanza. Jina la humu ndani, Bibi alilijibu mwenyewe, maana wewe ulimwandikia. Jina la nje, Bibi alikwenda kuiuliza DNS ya kampuni, kisha akaleta jibu. Sasa kompyuta hazimuulizi Bibi. Zinamuuliza mtu wa nje moja kwa moja."

"Na mtu wa nje ana kasi," Mama Nyuzi alijitetea.

"Ana kasi sana. Lakini Mama, msimamishe mtu barabarani umuulize, 'Shangazi yuko wapi?' Atakwambia nini?"

"Ataniuliza, shangazi wa nani?"

"Basi ndivyo ilivyo. Majina ya humu ndani anayajua Bibi peke yake."

"Mbona Jumamosi folda ilifunguka?"

"Ilikuwa imeshafunguliwa asubuhi. Kompyuta zilikuwa bado zimeshikana na Bibi. Zilipozimwa, zikaachana."

Mama Nyuzi aliketi kwenye robota la kitambaa. Aliona makosa yake yote, kuanzia namba aliyoifuta bila kuinakili.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nikirudisha namba ya Bibi kwenye kompyuta, michoro itapatikana. Lakini intaneti itakwama tena, na shule wanataka tuwatumie picha ya nembo ya kwanza waikubali. Kuponya vyote viwili, lazima tuingie kwa Bibi. DNS ya kampuni tuitoe humo, tuweke ya nje." Mkwe alitazama mikono yake. "Lile neno la siri halijaonekana bado?"

Angeweza kusema halijaonekana. Lawama zingebaki zilipo, na kiti chake kingebaki chake. Mama Nyuzi alizitazama zile sweta. Kisha akamtazama msichana aliyekuwa akibeba mzigo usio wake bila kulalamika.

"Halikupotea," alisema. "Andika. Maneno yote pamoja, bila kuacha nafasi." Akakohoa. "Mimi ndiye mwenye nyumba hii."

Vidole vya mkwe vilisimama juu ya kibodi. "Ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

"Liliwekwa lini, Mama?"

"Wiki uliyoletwa."

Mabega ya mkwe yakaanza kutikisika. Mama Nyuzi alidhani analia tena. Kumbe anacheka.

"Unacheka nini?"

"Mama, mimi nilidhani unanichukia!"

"Sikuchukii. Nakuonea wivu." Lilitoka tu, kama lilivyo. "Kila siku wewe, wewe, wewe. Nikajiona nimekuwa kiti kibovu. Jumamosi nilitaka nisifiwe mimi. Leo umetukanwa kwa kosa langu, na mimi nikanyamaza. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama. Lakini na mimi nina langu." Mkwe alipunguza sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Nikipika, mwanao anasema, 'Mama huweka chumvi baadaye.' Nikishona kifungo, 'Mama hupiga fundo mara mbili.' Nikikunja shuka, 'Mama huanzia kona ile.' Juzi nilitamani kumpiga na mwiko."

"Ungempiga! Ningekushikia mlango!"

Walicheka mpaka Mama Nyuzi akashika mbavu. Kisha mkwe aliinuka, akamwachia kiti. "Kaa wewe. Bibi ni wako. Mimi nitasoma namba."

Safari hii kazi ilifanywa kwa utaratibu. Kwanza, Mama Nyuzi alinakili kwenye daftari namba zote za zamani alizozikuta kwa Bibi, ili wakikosea waweze kurudi nyuma. Ndipo akafuta namba ya DNS ya kampuni. Mahali pake akaandika ile ya nje ya kwanza, chini yake ya akiba.

"Ya akiba ni ya nini?" aliuliza. "Moja haitoshi?"

"Ya kwanza ikigoma kujibu, Bibi ataiuliza ya pili. Hatutasimama."

Mama Nyuzi alishika kidevu. "Na hawa wa nje, wakiulizwa kila kitu, si watajua tunatembelea tovuti zipi?"

"Swali zuri hilo. Wanaona majina tunayouliza, kama vile kampuni ilivyokuwa ikiyaona. Kwa hiyo usiokote namba popote tu. Chagua wanaojulikana, usome masharti yao. Hawa nimewasoma. Wameandika kwamba hawauzi habari za wanaowauliza."

Walihifadhi mabadiliko. Kisha wakaenda kwenye zile kompyuta tatu, wakafuta namba za nje, wakarudisha namba ya Bibi.

"Nafasi ya pili hapa iko wazi," Mama Nyuzi alisema. "Tuweke ya nje, iwe akiba?"

"Hapana. Siku kompyuta ikiiuliza hiyo jina la Bibi, itaambiwa halipo, na tutarudi tulikotoka. Kompyuta zimuulize Bibi tu. Bibi ndiye aulize nje."

"Sawasawa. Watoto hawatoki kuulizia mambo barabarani. Anatoka mkubwa."

"Umesema, Mama."

Wakajaribu. Mama Nyuzi aliita folda ya Bibi kwa jina, ikafunguka. Akafungua barua pepe, ikafunguka. Akamtuma Mjomba achapishe ukurasa mmoja, akachapisha, kisha akaomba wino. Dakika kumi baadaye Shangazi alikuwa anapiga makelele, na picha ya nembo ya kwanza ilikuwa njiani kwenda shuleni.

Mwana alirudi sura imemshuka. Shule haikumwongezea hata saa. Aliposikia mashine, alisimama mlangoni.

"Zinafanya kazi?" Akamwelekea mkewe, bado ana hasira. "Umeona sasa? Ungekuwa makini tangu mwanzo..."

"Ishia hapo," alisema Mama Nyuzi.

Mwanawe akaishia hapo.

"Namba zake zilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyezipeleka pasipo pake. Aliniomba neno la siri, nikamdanganya limepotea, kwa sababu nilimwonea wivu. Niliyeharibu ni mimi, aliyetengeneza ni yeye. Umemfokea mtu asiye na kosa. Mwombe radhi, tena sasa hivi, mimi nikiwa hapa."

Mwana alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. Aliomba radhi akiwa amesimama palepale, koti begani. Kisha akavua koti na kuanza kupanga sweta, na kwa mara ya kwanza tangu aoe hakumsifu mtu yeyote siku nzima.

Sweta ya mwisho ilikunjwa Jumanne saa nne asubuhi, na saa tano zote zilikuwa shuleni. Jioni hiyo wanawake wawili walibadilisha neno la siri la Bibi. Walichagua refu, lisilokisika kwa urahisi, lisilo na maneno ya kumchoma mtu. Walilijua wote wawili. Nakala waliiweka kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kabati la nyuzi, endapo wote wawili watakuwa mbali.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja DNS ya kampuni iligoma kabisa, na mtaa mzima ukalalamika kwamba hakuna intaneti. Mwenye duka la dawa alivuka barabara. Akakuta mashine tatu zinadarizi, na Mama Nyuzi anasoma barua pepe.

"Nyinyi mnapata intaneti?" alishangaa. "Kwangu tangu asubuhi hakuna ukurasa unaofunguka. Nani amewatengenezea hapa?"

Mama Nyuzi alivuta pumzi. "Mimi" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, limejipamba tayari. Wivu ulimbana kidogo, pale pale ubavuni ulipozoea. Akauacha umbane.

"Mkwe wangu," alisema. "Anayajua mambo haya kuliko mimi. Mimi amenifundisha yeye."

Kisha akageukia upande wa mashine, alikokuwa mkwe, akapaza sauti ishinde kelele za Shangazi.

"Mwanangu! Chukua daftari letu, tuna kazi kwa jirani!"